Jiko kwa Jina la Dada

Kwetu Tanga mdogo hatangulii. Mkubwa hunawa kwanza, mkubwa husema na wageni, na posa ikija huulizwa yeye hata kama anayeposwa ni mwingine. Mimi na dada yangu tulikuja London na tabia hiyo, na sioni haya kusema hivyo. Heshima si koti, kwamba utalivua ukiingia ndani.

Tulikuwa tukipika. Pilau, biriani, kuku wa kupaka, vitumbua, kwa ajili ya arusi na maulidi za Waswahili wa mitaa ya Ilford na Edmonton, tulikokaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pekee. Wiki nzima nilihangaika na nyama, nikachambua mchele, nikakaanga vitunguu mpaka jirani wa juu akaja kulalamika kwamba nguo zake zinanuka. Dada alikuwa ameajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akija jikoni mwishoni mwa wiki.

Tulipokwenda kwa mhasibu, Mhindi mmoja mpole wa Ilford, aliuliza biashara iandikwe kwa jina la nani.

"Langu," dada akasema. "Mimi ndiye mkubwa."

Mhasibu akasema tunaweza kuandika yote mawili. Dada akacheka. "Mzee wangu, nyumba haiwi na wakubwa wawili." Nami nikaitikia kwa kichwa, maana ndivyo ilivyo. Tangu hapo, kila Januari hesabu zilipelekwa ofisi ya kodi kwa jina lake, kodi akalipa yeye, na fungu langu akanipa mkononi, tena kubwa kuliko lake.

Korona ilipokuja, kumbi zilifungwa na arusi zikafa. Serikali ikatangaza kwamba itawapa fedha waliojiajiri ambao kazi zao zimesimama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Dada alikuwa na pumu, na kule kazini kwake wazee walikuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja. Fedha zile zikija, angekaa nyumbani mpaka balaa lipite. Sikuwaza kingine, niliwaza kifua chake tu.

Aliingia kwenye kompyuta, akajaza fomu ya kuomba.

"Imekataa," akasema. "Mimi siyo eligible, sistahili. Mshahara wa kazini unazidi faida ya jikoni, kwa hiyo hawanihesabu mtu wa biashara."

"Basi niombe mimi. Mimi sina mshahara."

"Wewe huna tax return hata moja, mdogo wangu, hesabu zote zimepelekwa kwa jina langu. Utaomba kwa lipi?"

Tulimpigia mhasibu. Akasema wanaangalia hesabu zilizokwisha kupelekwa, na anayejiandikisha leo hatahesabiwa. Hakusema kwamba alituonya. Angesema, walau ningepata wa kugombana naye.

Nilikasirika, na hasira ile ninayo hadi leo. Serikali ilikula kodi ya jasho langu miaka yote bila kuuliza anayepika ni nani. Ilipofika zamu yake ya kutoa, ndipo ikataka kunijua.

"Usiende," nilimwambia dada asubuhi yake.

"Nisipokwenda hawanilipi. Pango la nyumba atatoa nani?"

"Nitatafuta kazi."

"Wapi? Kila mahali pamefungwa." Kisha akanitania, kama kawaida yake. "Nipishe mlangoni, tangu lini ukanitangulia?"

Nilimpisha. Alipanda basi na barakoa aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha leso. Aliendelea hivyo wiki kadhaa, na mimi nikawa sina kazi ila kusikiliza anavyopumua upande wa pili wa ukuta.

Akaanza kukohoa. Ambulensi ilimchukua, sikuruhusiwa kupanda, wala kwenda hospitali. Nilimwona tena siku ya kuzikwa, yaani niliona jeneza, nimesimama mbali, wanaume wachache waliovaa glavu wakilibeba. Khitma haikusomwa nyumbani. Nilipika pilau ya sufuria moja, kisha nikakaa nayo, maana haikuwapo ruhusa ya kumwalika mtu.

Baadaye nilipiga simu ofisi ya kodi kutoa taarifa, maana mhasibu aliniambia ni lazima. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Aliuliza mimi ni nani katika biashara ya marehemu.

"Mdogo wake. Tulikuwa tunapika pamoja."

"Ulikuwa mwajiriwa wake?"

"Hapana."

"Mshirika?"

Nilimwambia kwamba mpishi nilikuwa mimi. Akatafuta, nikisikia vidole vyake vikigonga, akasema hanioni popote. Akanipa pole kwa msiba. Kisha akasema anaifunga biashara, kwa kuwa mwenyewe amefariki, na akaifunga palepale nikiwa kwenye simu. Sikuwa na haki ya kumwambia aiache.