Dalia za Mama Kwenye Picha za Kibondo

Nikipita mbele ya duka la nguo wakati muuzaji anakunjua jora jipya, ile harufu ya wanga na rangi ambayo bado haijaguswa na maji hunirudisha Kasulu, nyuma ya nyumba yetu. Ni asubuhi, ukungu haujapanda, nami nimenyoosha mikono yote miwili, nimeshika kitambaa cheusi nyuma ya ua. Baba alikikata kitambaa hicho kutoka jora la dukani kwake. Hakikufuliwa hata mara moja, maana alisema kikifuliwa kitapauka, na weusi ndio kazi yake. Basi kikanukia upya miaka yote, na mimi nikanukia upya pamoja nacho.

Baba aliuza nguo. Babu yake alikuja kutoka pwani na biashara, akaoa Muha, mwenyeji wa Kasulu, akasahau kurudi. Mjini kwetu kila mwenye kamera alipiga picha za harusi na za Idi. Baba alikuwa na kamera nzito ya filamu, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha virago kuondoka kwenye kambi za wakimbizi, lakini hakupiga watu. Alipiga maua, utando wa buibui ulioshika umande, kinyonga kwenye mstafeli. Filamu ilikwenda Kigoma kusafishwa, tukaisubiri hadi tukasahau kilichomo, na ikirudi nusu yake ni giza. Wateja walimtania: "Mwenye duka, leo umempiga picha siafu gani?" Alicheka nao, akapima kitambaa chao, akawapunja kidogo, nadhani, kwa ajili ya siafu.

Kazi yangu mimi ilikuwa kitambaa. Ua likishawekewa weusi nyuma yake lilionekana kama limechanua usiku, peke yake duniani. "Shika hapo hapo, Rehema," alisema Baba akiwa amepiga goti kwenye matope. "Usipumue." Sikupumua. Mikono iliniuma hadi mabegani, na nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Kasulu, kwa sababu Baba alikuwa ananihitaji.

Bustani ilikuwa ya Mama. Alikuwa na kana, waridi na zinia, lakini fahari yake ilikuwa dalia, maua makubwa kama sahani, mekundu ya kuiva, na kila petali imechovywa nyeupe kwenye ncha. Mbegu yake ilitoka kwa sista mmoja wa misheni, aliyempa Mama kiazi kimoja cha mzizi wake. Dalia huzaliana kwa viazi vilivyofungamana chini ya udongo kama viazi vitamu. Hakuna nyumba nyingine iliyokuwa na dalia ya namna ile, na Mama hakumgawia mtu. Jirani akiomba, Mama alisema, "Msimu huu viazi bado vichanga." Vilikuwa vichanga kila msimu.

Sasa niwaambieni jambo ambalo kila mtu mjini alilijua. Baba alikuwa na nyumba mbili. Ya pili ilikuwa Kibondo, alikokuwa na duka dogo na mke mdogo, Mama Zuhura. Alikwenda kwa zamu, siku huku, siku kule, na alijivunia kwamba hakukosea zamu. Sisi hatukuwa tumewaona watu wa Kibondo. Mama alikuwa na wivu na hakuuficha. Basi la Kibondo likipiga honi, alisugua sufuria kwa mchanga mpaka zikalia.

Siku moja Baba alirudi kutoka zamu yake na kamera mpya ya dijitali, ndogo, ya rangi ya fedha, inayoingia mfukoni. Picha zilionekana papo hapo kwenye kioo chake. Nilirukaruka nikitaka kuiona. Mama hakuinuka.

"Imeanza kupiga wapi?" aliuliza.

"Niliipatia Kibondo, kwa hiyo imeanza huko," alisema Baba. "Hii ya zamani nitaiacha hapa, itundikwe. Sitaki kubeba mbili."

"Naam," alisema Mama. "Ya zamani ibaki kwa wa zamani."

Baba alikuwa mtu mwenye akili dukani na mjinga sebuleni. Alizitoa kwenye bahasha picha alizozichapisha huko huko, akazipanga mezani mbele yetu kama mtu aliyeleta maembe, akangoja tumsifu. Zilikuwa picha za bustani ya Kibondo, kali na safi kuliko zote alizowahi kupiga. Mama alizishika moja moja. Nilidhani anatazama maua. Alikuwa anatazama ukuta nyuma ya maua, kama umepigwa lipu. Kamba ya nguo, ina kanga mpya ngapi. Beseni, ni la bati au la plastiki. Kisha akafika kwenye moja, akatulia. Ua lilikuwa jekundu la kuiva, na kila petali ina ncha nyeupe.

"Baba Rehema, dalia hii imetoka wapi?"

"Si nimesema, Kibondo."

"Picha imetoka Kibondo. Nauliza dalia."

Baba alikunywa chai ambayo ilikuwa imekwisha kikombeni. "Nilichukua kiazi kimoja tu. Si vinazaana?"

"Hata mimi nimezaa," alisema Mama. "Mbona hukunimega ukanipanda Kibondo?"

Wakati wanabishana mimi nilikuwa nimeivuta picha ile upande wangu. Nyuma ya dalia kulikuwa na kitambaa cheusi, na pembeni, pale Baba aliposahau kukata, kulikuwa na vidole vinne vimekishikilia. Vilikuwa vidole vya mtoto, kucha zimepakwa hina. Nikavilinganisha na vyangu. Vilikuwa sawasawa kwa ukubwa.

Nilikuwa najua nina ndugu Kibondo. Nilijua anaitwa Zuhura na kwamba tumepishana miezi michache. Lakini kumjua mtu kwa jina si sawa na kukuta vidole vyake kwenye kazi yako. Nguo angenunuliwa, sawa. Baba angempakata, sawa, alikuwa baba yake pia. Ila kitambaa nilidhani ni changu. Tangu siku ile, kila Baba aliponiita bustanini nilikwenda, nikashika, nikazuia pumzi, na kichwani mwangu kila mara nilikuwa na mwenzangu upande wa pili amekishika kitambaa hicho hicho, akikishika vizuri kuliko mimi.

Mama naye hakukaa hivi hivi. Baba alipokwenda zamu iliyofuata, aliitungua ile kamera ya filamu msumarini, akaniambia nimwonyeshe palipo na kibonyezo. Maharage yaliungua mara nyingi msimu ule. Picha zake za kwanza zilikata vichwa vya maua, lakini aliendelea, na mwishowe alimsubiri ndege chozi mbele ya dalia hadi ndege akamzoea. Mimi nilisimama nyuma na kitambaa changu, kwa mazoea.

"Ondoa guo hilo, mwanangu," aliniambia. "Unanifichia bustani."

Alitaka kila kitu kionekane: jiko la nje, mbuzi, mabati mapya, na mimi mwenyewe nikiwa nimenuna katikati ya zinia. Picha ziliposafishwa alimkabidhi Baba bahasha. "Mpelekee mwenzangu. Mwambie nasi tunayo macho." Baba, masikini, alifurahi. Alidhani hatimaye wake zake wamependa sanaa yake. Aliipeleka, akarudi na picha nyingine za Kibondo, Mama akajibu, na hivyo mume wao wote wawili akawa mpeleka vita asiyejua anabeba nini.

Mvua za vuli zilipokolea ikaja picha ya dalia ya Kibondo ikiwa mgonjwa. Majani yalikuwa na unga mweupe, shina limelala. Baba aliipenda, akasema mwanga wake ni wa kipekee. Mama aliitazama, akaiweka mezani, akaenda stoo, akatoka na jembe dogo. Akalifunga kwenye gunia.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Baba.

"Kibondo. Wananiulia mmea wangu. Nakwenda kuchukua viazi vyangu."

"Subiri basi, twende wote."

"Wewe uza nguo," alisema Mama, akanishika mkono.

Barabara ilikuwa tope jekundu, na basi lilikwenda ubavu ubavu kama kaa. Jembe lilikuwa kati ya miguu yetu, na abiria mmoja alipouliza tunakwenda kulima kwa nani, Mama alimtazama mpaka akahama kiti. Mimi nilikuwa naogopa, na wakati huo huo natamani. Nilitaka kuviona vile vidole.

Nyumba tulielekezwa na watoto. Mwanamke aliyetoka mlangoni alikuwa mwembamba, mdogo kuliko nilivyofikiri. Alimwona Mama, akaliona gunia, mpini wa jembe umechomoza. Hakuuliza sisi ni nani.

"Shikamoo, dada," alisema, akipiga goti kidogo kama wanavyofanya kwetu. "Karibuni ndani."

"Marahaba. Nionyeshe bustani kwanza."

Alituzungusha nyuma. Mimi nilitazama huku na huku nikitafuta ile bustani ya kwenye picha, pana, yenye maua hadi upeo. Kulikuwa na kipande cha udongo kama mikeka miwili, kimebanwa kati ya ukuta wa nyumba na migomba ya jirani. Hiyo ndiyo ilikuwa yote. Baba alikuwa amepiga goti na kukata pembeni, akatengeneza nchi nzima. Na kwenye kona, dalia ya Mama ilikuwa imelala kwenye maji yaliyosimama.

Mama alishusha gunia. Mama Zuhura akamwahi kwa maneno.

"Dada, samahani kwa hali yake. Nimekuwa nasubiri siku nikuone nikushukuru. Baba Rehema aliponiletea kile kiazi akasema ni zawadi yako kwangu, nililia. Nilisema mke mwenza gani huyu, hajaniona na ananitumia ua lake."

Nilimtazama Mama usoni. Sijawahi kuona uso ukipita mahali pengi namna ile bila kusogea. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mpini. Jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye migomba akijifanya anakata majani.

"Ndiyo," alisema Mama hatimaye. "Ni zawadi. Nimekuja kuona kama unaitunza. Huitunzi."

Akalichomoa jembe. Alichimba ile dalia yote, akakata viazi vilivyooza akavitupa, vizima akavipaka majivu, akaamuru tuta liinuliwe juu maji yasisimame. Mama Zuhura alibeba udongo kwa beseni, na lilikuwa la plastiki. Walifanya kazi bila kuzungumza, ila Mama akisema, "Hapa. Si hapo, hapa."

Mimi niliachwa na Zuhura ukumbini. Ukutani kulikuwa na picha za Mama, zote, zimebandikwa kwa ugali. Nilijiona nimenuna kwenye zinia.

"Wewe ndiye mwenye mbuzi," alisema Zuhura. Alisema kwa chuki, ikanishangaza. "Wewe uko kwenye picha. Mimi Baba hanipigi. Ananiambia nishike kitambaa."

"Hata mimi ananiambia nishike."

"Anakwambiaje?"

Nilitaka kumdanganya, kisha nikasema, "Usipumue."

Zuhura akatazama vidole vyake. "Hata mimi," alisema.

Sikumpenda kwa hilo. Ningependa kuwaambieni kwamba tulikumbatiana, lakini tulikaa kila mmoja upande wake wa mkeka, tumekasirika, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amemnyang'anya mwenzake neno. Laiti angekuwa na neno lake, nami langu.

Chakula kilipoandaliwa Mama alisema amefunga. Hakuwa amefunga, asubuhi alikula mihogo mbele yangu. Tulilala kwa ndugu wa mbali wa upande wake, na asubuhi tukarudi Kasulu, jembe kwenye gunia, hakuna hata kiazi kimoja. Baba alikuwa barazani anatungoja. Mama alipita mbele yake, akasema, "Nimemwambia ni zawadi. Siku nyingine ukitaka kutoa zawadi zangu, niulize," akaingia ndani. Kwa majuma kadhaa Baba alipiga picha za kumbikumbi tu.

Sitawadanganya kwamba wakawa marafiki. Waliitana mwenzangu kwa sauti ile ile kavu mpaka Baba alipofariki. Lakini picha hazikukoma kwenda na kurudi, na kila msimu Mama alituma maagizo: punguza machipukizi, weka fito, usimwagilie jua likiwa kali. Zuhura alipofaulu kwenda sekondari Kasulu alikaa kwetu, chumba kimoja na mimi, tukagombana kila siku na kucheka karibu kila siku. Leo kila mmoja wetu ana simu yenye kamera nzuri kuliko zote mbili za Baba. Akinitumia ua lenye mwanga mzuri bado moyo hunichoma kidogo, kisha natoka nje kutafuta la kumjibu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile Kibondo Mama alishindwa. Nilimwona akienda na jembe na kurudi mikono mitupu, akiwa amesema uongo ili kumstahi mwanamke aliyemchukulia nusu ya mume, na moyoni nilimwonea aibu. Nilikuwa mtu mzima, nina nyumba yangu, nilipopata ujasiri wa kumuuliza. Tulikuwa tunachambua mchele.

"Mama, kwa nini ulimhurumia?"

"Nani, mimi?" Alishangaa kweli. "Sikumhurumia. Ningesema ameiba, ningekuwa mwanamke aliyeibiwa na mumewe, na jirani yuko pale kwenye migomba anasikia. Niliposema nimetoa, nani angenipita?" Akapuliza makapi kwenye ungo. "Tangu siku ile kila dalia inayochanua Kibondo inachanua kwa idhini yangu. Na yeye anajua."