Alama Zilizolingana

Ninafundisha hesabu hapa Bunia, na katika miaka ya ile amani yetu ya wasiwasi nilikuwa na kazi ya pili ambayo ndugu zangu hawakuielewa kamwe. Kuna hazina moja mtandaoni, ya wanahesabu wa nchi nyingi, inayokusanya vitu vya nadharia ya namba na kukipa kila kimoja ukurasa wake. Mimi na mwenzangu tulikagua kurasa za viwanja vya namba. Yeye alikuwa mwalimu wa siku nyingi, wa rika la baba yangu mdogo, mtu wa familia ya wafugaji kutoka upande wa Djugu. Vita vya wafugaji na wakulima vilimleta mjini na mke wake, na mjini akabaki.

Uwanja wa namba huanzia kwenye mlinganyo. Unachukua jibu moja la mlinganyo ule, unalichanganya na namba za kawaida, kisha unajumlisha, unazidisha, unagawanya, na chochote utakachopata kiko ndani ya uwanja. Taabu ni kwamba milinganyo isiyofanana kabisa huzaa uwanja uleule. Mtu akiandika x² − 5, na mwingine x² − x − 1, wote wawili wanasema kitu kimoja bila kujua. Kwa hiyo hazina iliweka sheria: kila uwanja utaonyeshwa kwa mlinganyo mmoja tu, ule ambao majibu yake, kwa kipimo kilichokubaliwa, ni madogo kuliko ya mingine yote. Bila hivyo kitu kimoja kingeingizwa mara nyingi, na wasomaji wangedhani ni vingi.

Mwenzangu aliichukia sheria hiyo. Alituma mlinganyo wake akiupenda, na akifungua ukurasa anakuta wameweka mwingine. Alisema ni kama kupeleka ng'ombe wako sokoni ukamkuta amekatwa pembe. Mimi nilimwambia ng'ombe ni yuleyule, aache kelele, afanye kazi. Tulikuwa tunagombana hivyo kila juma katika ofisi yetu ndogo, asubuhi, umeme ukiwapo, na sasa ningetoa chochote nigombane naye tena.

Kitu alichokipenda ni kinyume cha hicho. Kila uwanja hupewa jina la namba, linalotokana na alama zake: daraja la mlinganyo, majibu yake mangapi ni namba halisi, na namba moja kubwa inayoitwa diskriminanti. Mara nyingi alama hizo zinatosha. Lakini kuna viwanja viwili vya mlinganyo wa daraja la tatu ambavyo alama zao zote ni sawa, diskriminanti ya vyote viwili ni 3969, na bado si kimoja. Hazina huongeza mwishoni namba ya zamu, hiki cha kwanza, hiki cha pili, ili visichanganywe. Kila mwaka aliwaandikia wanafunzi alama hizo ubaoni akawauliza, "Zote zinalingana. Sasa ni moja ao ni mbili?" Kila mwaka walijibu moja, naye alifurahi kupita kiasi kuwaonyesha kwamba wamekosa.

Basi amani ile ilipotangazwa, watu wakaanza kurudi kwenye mashamba yao. Mwenzangu naye akaanza kwenda kwao, ng'ambo ya Iga Barrière, kujenga upya nyumba iliyochomwa. Alikuwa akienda Jumamosi na kurudi Jumatatu. Redio ilisema barabara iko wazi, na kweli ilikuwa wazi, ila kulikuwa na vizuizi, na si vyote vilikuwa vya askari. Kwenye vingine vijana walikuuliza kijiji cha baba yako, wakakutazama mdomo wakati unajibu.

Mwaka ule, kwa sikukuu ya walimu, tulikuwa tumenunua kitenge cha aina moja, kama ilivyo desturi: cha rangi ya buluu, chenye picha ya kitabu na taa. Shule zote zilikinunua, za upande huu na za upande ule, na mafundi wa cherehani walishona hadi wakachoka. Yeye alivaa shati lake la sikukuu kila alipokwenda kwao. Alisema mwalimu hupitishwa kila mahali, kwa sababu amefundisha watoto wa kila mtu. Mimi nilimjibu kwamba wale wa vizuizini hawakumaliza shule, akacheka.

Jumatatu moja hakurudi. Simu yake haikuita.

Mwishoni mwa juma vijana wa kujitolea walileta maiti ya mwanaume, iliyookotwa bondeni chini ya barabara, mahali ambapo mvua ilikuwa imeipiga siku nyingi. Ilikuwa imevaa shati la kitenge cha walimu. Habari ilifika mtaani kabla ya maiti yenyewe kufika hospitali, na nilipofika kwake nilikuta viti vimeshakodiwa, wanawake wameketi chini, na ndugu zake, shemeji za mke wake, wanagawana kazi za mazishi. Hakuna aliyeuliza kitu. Walikuwa wameona shati, wakasema ni mwalimu, na kwao mwalimu alikuwa mmoja.

Mke wake aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameingia chumba cha maiti, ametazama, ametoka bila jibu. Uso haukuwa tena uso wa mtu. Akaniambia, "Madame, miye sijui. Weye unakaa naye kila siku, na kazi yenu ni kuangalia kama kitu njo ile ao si ile. Kwenda, uangalie."

Nilikwenda. Sitaeleza harufu. Nilitazama kama ninavyotazama ukurasa ulioandikwa na mtu mwingine, kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kusimama pale. Urefu ulikuwa wake. Umri ulielekea kuwa wake. Jino la pembeni halikuwapo, na lake pia halikuwapo. Shati lilikuwa lilelile. Nilitafuta kidole cha shahada, maana chake kilikuwa kimepinda kidogo, lakini mkono ule ulikuwa umeharibika. Mhudumu wa chumba cha maiti alinisubiri mlangoni, akaniuliza kama ni yeye. Niliona hasira ikinipanda, si kwake, bali kwa mtu yeyote aliyekuwa ametuletea swali hili.

Nilirudi nikasema kila kitu kinalingana lakini hakitoshi. Shemeji mkubwa alinikemea mbele ya watu. Alisema mambo ya ubaoni yabaki ubaoni, na kwamba nataka kumnyima ndugu yake kaburi. Ningewezaje kumweleza, mbele ya wanawake wanaolia, habari ya viwanja viwili vya 3969? Mke ndiye aliyekata shauri. Alisema hatamwacha mtu pale aoze kwa sababu hana jina. Maiti ilioshwa, ikavikwa suti, ikazikwa mjini, na jina la mwenzangu likaandikwa msalabani.

Baada ya muda wasimamizi wa hazina waliniandikia. Walikuwa wanapanga upya ukurasa wa wachangiaji, ili majina yote yaonyeshwe kwa namna moja, na waliokufa wawe na miaka yao kando ya jina. Walikuwa wamesikia. Walinipa pole, pole ya kweli, kisha wakauliza mwaka gani waweke. Nilikaa mbele ya barua ile hadi umeme ukakatika. Hazina hiyohiyo ina tabia ninayoiheshimu: jibu likitegemea jambo ambalo bado halijathibitishwa, ukurasa unasema hivyo waziwazi, hata kama kila mwanahesabu analiamini. Niliwajibu waache jina lake kama lilivyo, bila mwaka. Walitaka kujua kwa nini, maana wengine wote watakuwa na mwaka. Niliandika kwamba haijathibitishwa. Sikuongeza neno, nao hawakusisitiza.

Mama mmoja alikuja nyumbani kwa mwenzangu wakati wa mavuno ya maharage, nami nilikuwapo. Alikuwa mkulima, mtu wa upande ule, na mtu wa kanisa ndiye aliyemsindikiza, maana peke yake asingethubutu kuingia mtaa wetu. Mwanawe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye watoto. Alipotea kwenye barabara ileile, juma lilelile. Alikuwa mrefu, mwenye pengo la jino na shati la sikukuu. Mama alizitaja alama hizo polepole, akitutazama mmojammoja. Barabara ilikuwa imekula walimu wawili na kurudisha mmoja.

Shemeji mkubwa alisimama, akasema mtu wa upande ule hatakanyaga kaburi la ndugu yake, na kwamba huenda mwanawe ndiye aliyekuwa kwenye kizuizi. Mke wa mwenzangu alichukua kitambaa chake, akajifunga kichwa, akamwambia mama, "Twende."

Tulikwenda sisi wanne, wao wawili, mtu wa kanisa na mimi. Pale kaburini mama alisimama mbele ya msalaba akamwomba mtu wa kanisa amsomee jina. Akasomewa. Akatikisa kichwa, akauliza kama wataweza kuchimba. Mtu wa kanisa akamweleza kwa upole kwamba hata wakichimba, hapa kwetu hakuna wa kutuambia aliyelazwa ni yupi. Hakuomba jina lifutwe, wala hakuomba la mwanawe liongezwe.

Kisha akamgeukia mke wa mwenzangu. "Walimuosha?"

"Nilimuosha miye mwenyewe," yule mwanamke akajibu. "Na maji ya moto. Kichwa, mikono, miguu, yote."

Mama akashika mikono miwili ya yule mwanamke, akaigeuza, akatazama viganja.

"Aksanti, mutoto yangu," akasema. "Aksanti kwa kumuosha."