Kiatu Mlangoni pa 412

Nilipofika kazini saa kumi na mbili asubuhi, nilimkuta mgeni wa chumba 412 bado amekaa mapokezi ya hoteli, mkoba magotini, macho kwenye mlango wa kioo. Alikuwa amekesha hapo akingoja basi la kutoka Ujerumani. Mwanawe alikuwa ameahidi kuja.

"Hajapiga simu?" nikamuuliza.

"Amepiga sasa hivi. Kazi zimembana. Ameniuliza kama chakula ni kizuri."

Alikuwa mjane kutoka mji wa Gabrovo, mfumaji mstaafu. Mwanawe ndiye aliyemlipia juma zima hapa ufukweni, kula, kunywa na kila kitu, mkanda wa kijani mkononi. Alikula peke yake kwenye meza ya watu wanne, na kabla ya kuondoka alifuta makombo kwa kiganja. Kitandani alilalia upande mmoja tu. Upande wa pili niliukuta kila siku kama nilivyoutandika. Mimi nina binti Uhispania, na mambo kama hayo siwezi kuyaona nikayapita.

Mchana alitoka ukumbi wa chakula na sahani mbili zilizojaa banitsa, vipande vya mkate wa tabaka wenye jibini. Rumen, msimamizi, akamzuia.

"Bibi, mkanda huo unakula humu ndani tu. Haujaruhusiwa kupanda lifti."

"Basi tutapanda ngazi, mwanangu," akasema, akapita.

Saa tisa nilipita na toroli langu la mashuka. Mlango wa 412 ulikuwa wazi, umezuiwa kwa kiatu usijifunge. Mwenyewe yuko roshani, amenipa mgongo. Nikawaza wezi, nikawaza upepo wa bahari. Nikakisogeza kiatu ndani, nikaufunga mlango taratibu, nikajiona nimefanya jema.

Jioni, navua aproni, Rumen bado analalamika. "Yule bibi wa 412, ati leo ni siku ya jina lake, anaitwa Iliyana. Anakaribisha wageni kwa chakula cha hoteli."

Nikakaa chini. Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Eliya, wajina wa kina Iliyana. Kwetu siku ya jina haalikwi mtu. Unatandika meza, unaacha mlango wazi, anayekukumbuka anaingia. Na mimi siku nne zote nimemwita 412.

Nikachuma ua moja bustanini, nikapanda. Wafanyakazi hatukai na wageni. Rumen akiniona, kazi sina. Nikabisha.

"Nani?"

"Ni mimi, Stoyanka, wa mashuka. Sijaalikwa."

Kiti kikaburutwa, mlango ukafunguka. Kiatu kilikuwa mkononi mwake. Nyuma yake niliona glasi nne safi, na banitsa zimekauka kingo. Aliangalia kwanza ujia mtupu nyuma yangu, mpaka kule kwenye lifti, ndipo akaniangalia mimi.

"Ingia, mdogo wangu," akasema.

Halafu akainama, akakirudisha kiatu mlangoni.