Mtoto wa Ubeti wa Tatu

Salvina Bujiku alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja alipokuja kwangu, mtaa wa Ngokolo, kuomba afundishwe mashairi. Alikuja Jumamosi alasiri, akiwa bado amevaa viatu vya mpira vya kufanyia usafi, kwa kuwa alikuwa mfagiaji katika zahanati moja ya mjini. Alisimama kizingitini, akakunja goti kidogo kama walivyolelewa mabinti wa zamani, akaniamkia. Kisha akaeleza haja yake bila kuizungusha. Muuguzi mkuu wa pale kazini alikuwa amemwambia kwamba akipata cheti cha kidato cha nne, ataweza kupelekwa masomoni na kurudi akiwa mhudumu wa wagonjwa badala ya mhudumu wa sakafu. Mtihani wa Maarifa, ule unaomfungulia asiyesoma sekondari njia ya kufanya wa kidato cha nne, alikwisha kuufaulu mwaka uliotangulia. Masomo mengine aliyamudu. Ushairi ndio uliokuwa ukimshinda.

"Hesabu ina huruma, Mwalimu," aliniambia. "Ukikosea, unaona ulipokosea. Shairi linakutazama tu."

Nilimwandika katika daftari la wanafunzi wangu. Tangu nistaafu nilikuwa nikiwasaidia watahiniwa wa kujitegemea katika chumba kimoja cha parokia, na mwaka ule walikuwa saba. Salvina alikuwa mkubwa wao kwa umri, nao walimwita Mama Donatus, kwa jina la mwanawe wa pekee ambaye alibaki Geita akifanya kazi ya kuchomelea vyuma.

Maisha yake niliyajua kidogo kidogo. Alikulia Geita, ambako baba yake alishuka kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo hadi kifua kilipomzuia. Yeye mwenyewe alimaliza darasa la saba, akaanza kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, akakaa na nyundo ile miaka kumi na minne. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo meupe, mahali ambapo vipande vya mawe vilikuwa vimeruka na kumkata. Ukimuuliza alizaliwa wapi, alisema, "Huko nyuma," akarudi kwenye kitabu.

Alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliifanyia mzaha. Hakuweza kumpita mtu bila kumsalimu. Alimsalimu mlinzi wa parokia, muuza karanga wa nje, watoto waliokuwa wakicheza gololi, na alisimama mpaka ajibiwe. Adam, dereva wa bodaboda aliyekaa dawati la nyuma, alizoea kusema kwamba Mama Donatus huchelewa darasani kwa sababu huziamkia hata nguzo za umeme. Salvina alicheka pamoja nao, na kesho yake alisalimu vilevile.

Mwezi wa nane tulifika kwenye mada ya nguvu na migogoro katika ushairi. Mada hiyo huipenda sana mitihani, nami nilikuwa na zana yangu ya kuifundishia. Ilikuwa shairi ambalo halimo katika kitabu chochote, kwa maana nililinakili kwa mkono wangu mwaka 1990, nilipokuwa mwalimu kijana katika kijiji cha Bugandika, njia ya Bukombe. Baada ya mavuno ya mwaka ule, vikundi viwili vya ngoma vilishindana uwanjani, kila kimoja na manju wake. Manju ndiye mtunzi na kiongozi wa wimbo. Husimulia mambo ya mwaka mzima na kuwachoma watu bila kuwataja majina, na anayevuta watazamaji wengi zaidi ndiye mshindi. Manju aliyeshinda siku ile aliimba habari za mtu aliyetengwa na sungusungu, walinzi wa kijiji wenye pinde. Amri yao ilikuwa kwamba mwano ukipigwa, yaani yowe la hatari, kila mwanamume sharti atoke mbio. Mtu yule hakutoka. Akatozwa fahali, akakataa kumtoa, akatengwa.

Wimbo ulikuwa wa Kisukuma. Nami, niliyefundishwa na mapadre kupima mizani kwa vidole, niliutia katika Kiswahili cha vina na nikajivunia kazi ile kwa miaka zaidi ya thelathini. Ubeti wa tatu ndio uliokuwa ukipendwa kuliko yote:

Moto asipewe mtu, aliyevunja nidhamu,
Asiteke maji yetu, hata kiu ikidumu,
Mtoto wake si wetu, mbwa tu wamsalimu,
Hilo ni tamko letu, na liwe kwake hukumu.

Niliuandika ubaoni. Nikaeleza, kama nilivyoeleza kila mwaka, kwamba mshairi anahimiza umoja, kwamba anawaonya wasaliti, na kwamba taswira ya mbwa ni ubunifu wa hali ya juu, kwa maana hakuna mtoto aliyewahi kusalimiwa na mbwa. Salvina hakuandika neno. Alikuwa akiutazama ubao huku ameshika kalamu kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake. Niliwapa swali la kufanyia nyumbani: waeleze, kwa hoja tatu, jinsi mshairi alivyoonyesha matumizi ya nguvu katika jamii.

Jumamosi iliyofuata walinikabidhi majibu, nikayapitia palepale huku wakisoma. Jibu la Salvina lilianza hivi: "Hoja ya kwanza. Mtoto wa ubeti wa tatu ni mimi." Nilidhani amechanganya swali la ushairi na insha ya kubuni. Kosa hilo nimeliona mara nyingi. Sikuendelea kusoma. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika, "Umetoka nje ya swali," nikampa alama mbili katika kumi na tano. Halafu, kwa nia ya kuwafaidisha wote, nilisimama nikasoma sentensi ile kwa sauti, bila kumtaja mwandishi, nikawauliza mtahiniwa huyu amekosea wapi.

Walicheka. Kwa bahati mbaya wote waliujua mwandiko ule wa herufi kubwa kubwa, kwa kuwa daftari lake lilikuwa likiazimwa kila wiki. Adam aligeuka kwenye dawati lake.

"Kumbe ndiyo maana, Mama Donatus," alisema. "Kumbe na wewe ulisalimiwa na mbwa?"

"Ndiyo," alijibu Salvina.

Alikuwa amesimama. Hakupandisha sauti.

"Alikuwa mbwa wa Mzee Ndaki, wa rangi ya majivu. Nilikuwa na miaka saba. Kila asubuhi nilipiga goti nikasema shikamoo kwa watu wazima njiani, nao walitazama juu ya kichwa changu kama wanaotazama mvua. Mbwa yule alitikisa mkia. Basi nikawa namwamkia yeye. Wanawake wa kisimani wakaniona, wakacheka, wakapeleka habari kwa manju. Hakubuni kitu, Mwalimu. Aliambiwa."

Adam alibaki amegeuka vilevile, mdomo wazi. Salvina alimaliza kwa kueleza, kwa maneno machache, kwamba siku mwano ulipopigwa mama yake alikuwa katika uchungu wa kuzaa, peke yake na mumewe ndani ya nyumba, na mumewe hakuweza kumwacha. Kichanga kilizaliwa kikaishi siku tisa. Siku ya kukizika, baba alichimba kaburi na mama akamsaidia kwa jembe, kwa sababu amri ya kuwatenga ilikuwa imekwisha kutolewa. Miezi minane baadaye walihamia Geita.

Alichukua kitabu chake na mfuko wake. Mlangoni alisimama akasema, "Mtihani sitaufanya," kisha akatoka. Alipita mbele ya mlinzi wa parokia bila kumsalimu. Nadhani jambo hilo lilinitisha kuliko yote niliyoyasikia.

Nilifunga darasa. Nyumbani nilitoa daftari langu la mwaka 1990, na humo, pembezoni mwa ubeti wa tatu, nilikuta maneno ya kalamu yangu mwenyewe ya ujana: "Hapa watu wote walicheka sana." Nilikaa na daftari lile magotini mpaka chai yangu ikapoa, nikijaribu kukumbuka kama na mimi nilikuwa miongoni mwa "wote". Nilikumbuka. Nilikuwa nimecheka mpaka kalamu ikaniponyoka, nikainama kuiokota katika vumbi la miguu ya wachezaji.

Kesho yake, baada ya misa ya kwanza, nilikwenda kwake. Nilimkuta uani akimenya karanga. Alinikaribisha kwenye kigoda, kwa maana adabu haikuwa kitu alichoweza kukiacha, lakini hakuniamkia. Nilimwomba radhi kwa kusoma karatasi yake mbele ya watu. Alisema yamekwisha. Nikamsihi asiache mtihani. Akasema tatizo si kicheko cha watoto wale.

"Huko kwenye mtihani watataka niseme mwenye nguvu alikuwa na sababu," alisema. "Wewe ulituandikia ubaoni hoja ya kwanza, umoja. Nikiandika hivyo nitapata alama, nami nitakuwa nimeimba wimbo ule kwa mkono wangu."

Ningeweza kumjibu kwamba mashairi ya mtihani ni mengine kabisa. Hilo lilikuwa kweli, na labda lingetosha. Lakini alikuwa akiongea na mtu asiyemjua.

"Mama Donatus, nilikuwepo," nilisema. "Uwanjani. Siku ulipoimbwa."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ndipo nilipouandika."

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

Kuku alikuja akadonoa karanga mbili kando ya ungo, Salvina hakumfukuza.

"Walikuwa wengi?" aliuliza hatimaye.

"Uwanja ulijaa."

"Baba aliniambia wimbo ule uliimbwa na watu wachache tu, walevi," alisema. "Aliniambia hivyo mpaka anakufa."

Nilidhani nimempoteza kabisa, nikaanza kuinuka. Ndipo alipoingia ndani, akatoka na karatasi ile yenye wino wangu mwekundu, akaiweka mapajani mwangu.

"Hukusoma mpaka mwisho," alisema. "Sahihisha tena."

Niliisoma palepale, juu ya kigoda, wakati yeye akimenya karanga. Chini ya sentensi ile niliyoidhihaki, alikuwa ameandika kwamba nguvu huanza kuonekana pale inapomgusa asiyehusika na kosa, kama mtoto. Hoja yake ya pili ilisema hivi: "Mwenye nguvu hupata na mtunzi wa kumsifia. Aliyetengwa hakuwa na manju wake, kwa hiyo tunalo shairi la upande mmoja tu." Hoja ya tatu ilisema kwamba katika beti zote sita hakuna mstari hata mmoja ambamo mtu yule anaulizwa kwa nini hakutoka. Nilirudi kwenye beti zangu kichwani, moja baada ya nyingine, nikihesabu kwa vidole kama walivyonifundisha mapadre. Hakuna. Nilikuwa nimelifundisha shairi lile kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali hilo halikuwahi kunijia.

Nilikata alama ya mwanzo, nikaandika kumi na tatu.

"Mbili zimekwenda wapi?" aliuliza.

"Hukuandika hitimisho."

Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu kidogo. "Sikuwa nalo," alisema.

Hakuniahidi kitu. Jumamosi mbili kiti chake kilikuwa kitupu. Ya tatu alikuja, akaketi mahali pake, na Adam, aliyekuwa hajafanya mzaha tangu siku ile, alisimama akampa shikamoo ambayo hakuwahi kumpa. Shairi lile sikulirudia ubaoni. Salvina mwenyewe ndiye aliyelitaka. Alisema wenzake wanakili na hoja zake pia, wapate kuona namna ya kulihoji shairi, naye akaziandika kwa chaki, kwa herufi zake kubwa.

Asubuhi ya mtihani, mwezi wa kumi na moja, nilikwenda kwenye lango la shule ya mtihani. Si kawaida yangu. Watahiniwa walikuwa wamejaa, vijana kwa watu wazima, na baadhi ya watu wa njia ya Bukombe, upande wa Bugandika, nao walikuwepo, nikawatambua kwa lafudhi yao. Salvina alishuka kwenye bodaboda ya Adam, amebana kalamu mbili na kitambulisho mkononi. Aliponiona alianza kukunja goti.

Nilimtangulia. Nilimsalimu kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama mtu anavyosalimiwa kwao panapojulikana ni mtoto wa nani.

"Mwangaluka, ng'wana Bujiku." Yaani, umeamkaje, mtoto wa Bujiku.

Watu kadhaa waligeuka. Yeye alisimama wima, kalamu zake zimegandamizwa kifuani. Kisha alijibu salamu ile kwa ukamilifu wake, neno kwa neno, bila haraka, ingawa kengele ilikuwa imekwisha kulia, akaingia ndani.