Mfuniko wa Rambirambi

Nilichukua wiki tatu kuchagua sufuria. Mke wangu nilimchagua kwa muda mfupi kuliko huo, na yeye mwenyewe hunikumbusha jambo hilo kila akipata nafasi. Lakini mimi ni mwalimu wa kemia, na nilipoamua kujipikia bia nyumbani kwetu Shieywe sikutaka kuanza ovyo ovyo kama mlevi. Nilitazama video za wazungu wenye ndevu wakibishana juu ya unene wa kitako cha sufuria. Nikajaza kurasa nne za daftari: alumini hupitisha moto vizuri lakini haipendi kusuguliwa kwa nguvu, stili haishiki kutu lakini bei yake inatia huzuni, na ukitaka lita ishirini za bia, tafuta sufuria ya lita thelathini, maana maji ya kimea yakichemka hufura na kumwagika.

Jambo moja sikuliandika. Mama yangu alipika busaa, pombe ya kienyeji, miaka yote niliyokuwa shuleni. Karo yangu, sare, hata kamusi niliyoringia darasani, vyote vilitoka kwenye chungu chake kule Matungu. Askari wa chifu walikivunja mara mbili, na mara mbili akatafuta kingine. Baadaye aliokoka, akaacha. Mimi nikaenda chuo kikuu, nikaacha hata kutaja. Watu wakiuliza mama alifanya kazi gani, nasema mkulima. Kwa hiyo bia yangu haikuwa na undugu wowote na busaa. Yangu ilikuwa sayansi.

Jumamosi asubuhi nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza vyombo. Nikaipata: ya alumini, kitako kinene, lita thelathini, masikio mawili yaliyopigwa misumari imara. Nikasimama mbele yake na daftari langu, nikaigonga kwa kidole, nikaipima kwa macho, uso umekunjamana kwa mawazo.

Yule mama akaacha kupanga vyombo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Woi, pole sana, mwalimu. Ni mama?"

Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu mwanamume hanunui sufuria kubwa hivyo akiwa peke yake. Za harusi zinaazimwa kanisani, za nyumbani hununua mke. Mwanamume akionekana na sura ile mbele ya sufuria ile, basi kuna matanga mahali na wapishi wanasubiri. Ningejibu tu kwamba hapana, ni ya kupika pombe. Lakini kando yangu mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu alikuwa akichagua mabakuli. Nikainamisha kichwa. Niliinamisha kwa aibu, lakini hilo hawakulijua.

"Mimi ni wa huko Matungu, namjua sana," muuzaji akasema, machozi yakimlengalenga. Akachukua mfuniko mzito akauweka juu ya sufuria. "Huu usilipe. Ni rambirambi yangu."

Nikasema asante. Mpaka leo asante hiyo inaniuma.

Nilifika nyumbani nikazima simu, nikijiambia kwamba Jumatatu nitarudi kumweleza yule mama ukweli. Ukweli haukungoja Jumatatu, maana muuzaji alikuwa ameshapiga simu kwao. Alasiri hiyo mama yangu alikuwa anaanika mahindi uani kule Matungu aliposikia watu wakija njiani wakilia. Akajifunga leso, akatoka mbio kwenda kulia nao kama ilivyo desturi, huku akiuliza ni nani ametuacha. Wa mbele walipomwona walinyamaza. Wa nyuma waliendelea kidogo.

Jumapili, saa ya ibada ambayo hajawahi kuikosa, alikuwa sebuleni kwangu. Hakusalimia.

"Sufuria yangu iko wapi?"

Nikamletea. Akaipakata, akapitisha kiganja ndani mpaka kwenye kitako, akaigonga mara tatu akiwa ameinamisha sikio.

"Ni nzuri. Haitaunguza. Unataka kupika nini?"

"Bia, mama."

"Bia ni kitu gani?"

"Ni kimea na maji. Unachemsha, halafu unaacha ichache."

"Pombe."

"Ndiyo, mama."

Akaiweka sufuria chini. "Yaani uliona afadhali mimi nikufe kuliko useme unapika pombe."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. "Mimi nilikuwa napikanga na kila mtu anajua. Askari walijua. Mwalimu wako wa hesabu alijua, alikuwa anakunywanga kwangu. Ni wewe tu ulikuwa unaficha."

Nilimwomba msamaha. Nililia pia, mtu mzima, mbele ya mke wangu. Miaka yote hiyo nilimwonea mama yangu haya, na hakuna sayansi iliyohusika hapo. Mama alimaliza chai yake kwanza. Kisha akaweka kidole kwenye misumari ya masikio ya sufuria.

"Maji yakome hapa. Ikifura usikimbie, punguza moto."

Hizo ndizo zilikuwa kurasa zangu nne.

Alipoinuka kuondoka aliuchukua mfuniko, akauviringisha ndani ya leso.

"Mama, sasa nitafunika na nini?"

"Sufuria ni yako. Huu ni wangu, ni mimi nililetewa. Siku yangu ikifika kweli, watakurudishia. Wapikie wageni wangu na hiyo hiyo, usinunue ingine."

Tangu hapo nimepika mara nyingi, na bia yangu siku hizi inanyweka. Mama haonji, ameokoka. Akija hunusa tu na kusema kama imechacha sawasawa. Muuzaji wa vyombo nilimweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakataa katakata kulipwa mfuniko. Wenzangu wananishangaa: mwalimu mzima, mwenye vipimajoto viwili, anafunika sufuria kwa sinia ya chai isiyoenea. Wananiambia ninunue mfuniko wa kiasi chake.

Kila Jumapili nikimpigia mama simu namuuliza mfuniko uko wapi. Anasema uko hapo, amefunikia mtungi wa maji. Basi naenda kupika, nafunika kwa sinia yangu, mvuke unatoka pande zote, nami nafurahi.