Dawa ya Mumo na Kofia ya Jaketi Langu

Nichekeni tu, nimestahili. Likizo hii nilikuwa nikimsaidia Anti Kalekye kwenye kituo chake cha kulea watoto hapa Mutomo, nikiwa ndani ya jaketi la nailoni lenye kofia, juani, eti nionekane mtu wa Nairobi.

Saa sita nikampa Mumo, mwenye miaka mitatu, dawa yake ya homa, ile ya pinki. Nikamweka begani, mdomo wake ukiwa juu ya kofia iliyoning'inia mgongoni, nikafumba macho kuomba, maana anti hutaka dawa ifuatwe na maombi. Kufungua daftari la dawa niandike, nikakuta anti alishampa dakika kumi kabla yangu.

Mumo akalala ghafla. Nikamwekea sikio kifuani, nikasikia moyo wangu tu.

"Anti, nimempa tena!"

"Ati nini? Kwani daftari ni la kufungia mandazi?"

Tukamkimbiza kliniki. Mbele ya foleni ya akina mama, nesi akauliza, "Una hakika alimeza?"

Nikaapa huku nikilia, nikavuta kofia ya jaketi nijifiche. Dawa ya pinki ikanitiririka hadi puani.

Mumo akafumbua jicho moja. "Sasa kaka amekunywa dawa," akatangaza.