Fundi Aliyebadilisha Taa za Nyumba Yangu

Mimi ni fundi umeme, na taa za nyumba yangu zilibadilishwa na fundi mwingine nikiwa kazini.

Naomba mlielewe hilo kwanza, ndipo mnicheke.

Jioni hiyo niliingia jikoni, nikabonyeza swichi, taa ikawaka palepale. Nikaizima, nikaiwasha tena. Nilishazoea ile tyubu yetu ya zamani, inapepesa mara nne, inalia ziii, halafu inawaka nusu.

Mke wangu alikuwa anamenya vitunguu. Hakugeuka hata.

"Nani kaweka hii?"

"Fundi."

"Fundi yupi?"

"Fundi ni fundi tu, baba watoto. Wewe si uko bize."

Alianza kunilalamikia zile tyubu tangu mwaka juzi. Zinamuumiza kichwa, macho yanamtoka machozi. Mimi kila siku kesho. Ukishinda unafunga taa za watu, nani ana hamu ya kupanda ngazi kwake?

Nikaenda kuoga.

Kesho yake sebule. Keshokutwa korido. Kila nikirudi nakuta sehemu nyingine imewekewa taa mpya ya LED, na mwenzangu anaimba peke yake. Watoto wako shule ya bweni, nyumbani tumebaki wawili. Sasa anamwimbia nani?

Wivu ukaanza kunitafuna. Siwafichi, uliniuma mara mbili. Uliniuma kama mume, ukaniuma tena kama fundi. Mwanaume anaingia kwangu nikiwa sipo, anapanda ngazi yangu, anafanya kazi yangu, na mke wangu anafurahi.

Siku ya nne niliwahi kurudi. Mke wangu alipotoka kwenda dukani, nikazima meni swichi, nikapanda kukagua. Nia yangu ilikuwa moja tu, nikute kazi chafu nimwonyeshe.

Mafundi uchwara huchomeka LED kwenye choki ya zamani, kile chuma kizito cha kuendeshea tyubu, wakasepa. Huyu hakufanya hivyo. Choki kaitoa, stata ya kuwashia kaitoa, waya kaziunga moja kwa moja.

Halafu nikayaona yale maungio. Waya umepindwa mara tatu, ncha imekunjwa kurudi nyuma, tepu imezungushwa kutoka chini kwenda juu.

Ule ulikuwa mkono wangu. Mimi ndiye ninayeunga hivyo, mimi na mtu niliyemfundisha mwenyewe.

Nikashuka. Kwenye ndoo ya taka nikakuta boksi lenye stika ya duka la Sharubu.

Sharubu tulifanya kazi pamoja miaka sita. Kila anachokijua kuhusu umeme nilimpa mimi. Na ana mdomo mtamu, akija nyumbani ni shemeji hivi, shemeji vile.

Asubuhi nilifika dukani kwake kabla hajamaliza kupanga vitu. Wateja wawili walikuwa wamesimama. Sikuwajali.

"Unaingia kwangu nikiwa sipo, sivyo?"

"Kaka, hata salamu hakuna?"

"Nimeona ulivyounga waya. Mara tatu, ncha nyuma. Usinifanye mtoto."

Akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Kaka, mimi naunga kwa konekta siku hizi. Yale ya kupinda niliyaacha siku nilipoondoka kwako. Shemeji alikuja kununua taa tu. Nikamwambia nije nimfungie, akakataa." Akaweka chini boksi alilokuwa analipanga. "Hivi kabla yangu, ulikuwa unamfundisha nani?"



Kabla yake sikuwa na msaidizi wa kulipwa. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa naenda kazini na mke wangu. Ananipa bisibisi, ananishikia ngazi. Mvua ikitukwamisha kwenye nyumba ya mteja, namfundisha kuunga waya kwa vile vipande vilivyobaki. Watoto walipozaliwa akabaki nyumbani, na mimi nikasahau kabisa kwamba aliwahi kujua.

Nikarudi nyumbani mbio. Sharubu alikuwa ameshampigia simu mke wangu kumuuliza nina nini. Nilimkuta amekaa sebuleni, macho mekundu.

"Kwa hiyo umeenda kunitangaza mbele za watu."

"Mbona hukuniambia ni wewe?"

"Nilijua utapanda kukagua, nakujua. Nikasema akiona tu waya ulivyofungwa atakumbuka, atashuka anacheka, tutacheka wote." Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mkono umeujua, mume wangu. Ila ukaona mwanaume."



Nimeomba msamaha kwa maneno yote niliyonayo. Sharubu alinisamehe siku hiyohiyo. Mke wangu ananipikia, ananijibu nikimuuliza kitu, lakini hanisimulii tena siku yake ilivyokwenda. Jana nimesikia kutoka kwa jirani kwamba amefunga taa nyumba tatu za mtaa wetu. Nimesikia kwa jirani, hebu fikiria.

Ndugu yangu mwenye mke, ukikuta kazi nzuri imefanyika nyumbani kwako, usikimbilie kumtafuta mwanaume aliyeifanya. Muulize mkeo kwanza, na umuulize kama mtu anayejua kazi.